Samaki Sita na Mgeni wa Dada

Galeshewe, Kimberley
9 Machi 1997

Dada yangu Mma-Lesego,

Barua hii ikukute umesimama, na kama umeketi, basi iwe ni kwa kupenda na si kwa sababu ya magoti. Sisi huku hatujambo. Binti yetu Keitumetse bado anafundisha Bloemfontein na bado hajaolewa, na ukimuuliza atakujibu vibaya, kwa hiyo usimuulize. Mimi ni mstaafu kamili tangu Desemba. Baada ya miaka thelathini na minne ya kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza yapi yamepasuka, reli wamenipa saa ya ukutani. Mtu asiye na pa kwenda, kujua ni saa ngapi kutamsaidia nini, sijui.

Wifi yako Kedibonye anakusalimu sana. Yuko kanisani sasa hivi, ndiyo maana hajaongeza mstari wake mwenyewe kama kawaida.

Sasa neno lenyewe. Muuguzi wa kliniki alinipima presha akakunja uso, akaniambia nitafute kitu cha kutazama kisichojibu. Nimenunua tangi la kioo, nimelitia maji, nimetia samaki. Najua unavyokasirika hapo ulipo. Subiri nimalize.

Aliyeniuzia ni Bwana Fortuin, yule mwenye duka la mbegu na chakula cha ndege nyuma ya posta. Akaniambia, "Mzee, leo chukua tangi na maji. Samaki njoo uwachukue baada ya wiki tano." Nikamwambia nimefanya kazi reli, nimeshasubiri vya kutosha maishani. Akatazama juu, akauza, kwa sababu naye ana watoto.

Kokoto nimezisugua kwa sabuni ya unga mara mbili. Kioo nimekipangusa kwa dawa ya madirisha. Samaki nimewachagua wanane wa aina nane, mmojammoja, kwa sababu nilitaka nione rangi zote. Walipoingia walitazamana kama abiria wa behewa moja wasiojuana, kila mmoja akatafuta kona yake. Tangi lina kona nne. Ndiyo maana wanne bado wanazunguka.

Nakaa mbele yao tangu asubuhi. Presha sijui, lakini kimya kipo.

Mdogo wako,
Gaolatlhe


Manthe, Taung
31 Machi 1997

Gaolatlhe,

Nimesimama. Asante kwa kuuliza.

Mvua imekwisha vizuri, mahindi yamekomaa, kunde nimeanza kuchuma. Paa la jiko linavuja palepale ulipoahidi kuliziba mwaka juzi.

Sasa nisikilize. Wewe na mimi tumetoka tumbo moja, na tumbo hilo ni la watu wanaocheza Samaki, mnyama wa heshima wa ukoo wetu. Hatumli, hatumgusi, hatumtaji ovyo. Babu alikuwa akivuka mto Harts huku ametazama pembeni ili asimtie hofu hata mmoja. Mjukuu wake amemnunua dukani na kumfungia sebuleni. Mtu akikuuliza unacheza nini utamjibuje? "Nacheza Samaki, karibu ndani, nimemweka pembeni ya redio"?

Jambo la pili. Nina mgeni. Alishuka basini Jumatatu ya mwisho ya Februari na sanduku moja na birika lake la bluu. Yeye anacheza Mamba. Ameshanipaka ukuta wa nyuma udongo mpya, na kila jioni tunachambua kunde pamoja. Nimemwapia kwamba sitakutajia jina lake, na kiapo changu sikivunji kwa stempu moja. Barua yako nilimsomea kwa sauti. Nilipofika pale "Kedibonye yuko kanisani", mgeni wangu alicheka mpaka akamwaga kunde zote.

Mwambie wifi yangu salamu zake zimefika. Zilifika kabla ya barua.

Dada yako


Galeshewe
20 Aprili 1997

Dada yangu,

Natumaini kunde zimeokotwa. Huku baridi imeanza kubisha hodi, na Keitumetse ameniletea soksi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile habari ya mgeni sijaielewa hata kidogo. Mpe pole ya kazi, huyo mtu nisiyemjua.

Samaki wamekufa. Wote wanane, ndani ya siku tisa.

Wa kwanza nilimkuta Jumanne asubuhi amelala ubavu juu ya maji. Nikasimama na mikono yangu miwili mizima nisijue la kuifanyia. Mtu anayecheza Samaki hamgusi samaki aliye hai, sembuse maiti. Nikatoka nje nikamwita Sehularo, jirani wa nyumba ya pili, ambaye anacheza Mamba na hajawahi kuacha kunikumbusha.

Akaja, akatazama, akavua kofia. "Mkuu wako amefariki ukimtazama?"

"Mtoe tu, Sehularo."

"Na wewe unasemaje? Mtu hatolewi hivihivi nyumbani kwake bila neno."

Nikasema pole, mkubwa. Akamtoa kwa chujio la chai, tukamzika chini ya mti wa pichi, mimi nimesimama hatua tano mbali kama mtu wa bima. Jumatano alirudi kwa wawili. Kufikia Ijumaa hakubisha tena hodi, aliingia na chujio mfukoni akiuliza, "Leo wangapi?" Mtaa mzima sasa unajua kwamba kwa Gaolatlhe kuna mazishi kila siku na hakuna chakula.

Nilikwenda kwa Fortuin nikiwa na hasira. Nikamwambia ameniuzia samaki wagonjwa. Akaniuliza nilifanya nini kila siku. Nikamweleza kwa fahari: kila asubuhi namwaga maji yote, natia mapya ya bomba, nafua sponji ya kichujio mpaka inakuwa nyeupe, nasugua kila jiwe.

Akashika kichwa. "Mzee, umewaua kwa usafi."

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Uchafu wa samaki hugeuka sumu majini. Wako vijidudu wadogo wasioonekana ambao huila hiyo sumu, na hao hukaa kwenye sponji na kokoto, na huchukua wiki nyingi kujenga ukoo wao. Mimi nilikuwa nikiwafagia kila alfajiri. Tena maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, lazima yatiwe dawa nyingine ya kuituliza. "Tangi likimeremeta namna hiyo, mzee," alisema, "ujue halina mtu wa kukaa."

Nimeanza upya. Nina tangi lenye maji, kokoto, majani mawili ya kweli, pampu inayokoroma, na hakuna samaki. Kila asubuhi natia chembe za chakula cha samaki ili zioze na hao vijidudu wapate kitu. Yaani nalisha maji. Sehularo huleta watu wajionee. Wanasimama, wanatazama maji, wananitazama mimi, wanaaga kwa adabu.

Kedibonye ni mzima. Anauliza, maana siku hizi anasahau sana, yale mahindi ya kupondwa na kunde yanalowekwa kwa muda gani kabla ya kupikwa, na chumvi inatiwa mwanzo au mwisho. Anasema yakitiwa jikoni hivihivi hubaki magumu kama mpira wa gari. Huenda mgeni wako anajua.

Wako,
Gaolatlhe


Manthe
11 Mei 1997

Gaolatlhe,

Tumevuna. Magoti yangu ni yaleyale, na ukinitajia tena nitakutajia tumbo lako.

Mgeni wangu anasema hivi: Kedibonye aloweke tangu jana yake, chumvi atie mwisho, na kama Kedibonye amekuwa akila mipira ya gari tangu Februari basi anampa pole. Anasema pia Kedibonye atazame juu ya kabati la vyombo, kwenye kopo la chai lenye picha ya farasi. Kuna pilipili humo.

Alipokuwa akisema hayo hakunitazama. Alikuwa akitazama barabara ya basi.

Tangu aje nimemuuliza mara nne kisa ni nini. Ananijibu, "Muulize mkaguzi wa mabehewa." Basi namuuliza mkaguzi. Mke wa ndoa ya miaka thelathini na mmoja hapandi basi kwa sababu ya chumvi. Angekwenda kwao, ningejua anaondoka kweli. Amekuja kwa dada wa mume, na mke akija kwa wifi yake anataka kusikilizwa, na akishasikilizwa anataka kurudi. Lakini hakuna wa kumrudisha. Ameshaanza kuulizia kama kwenye shule ya chekechea ya hapa wanahitaji mpishi. Akiupata upishi huo, Gaolatlhe, hutampata tena, na sitamlaumu.

Usiniandikie habari za vijidudu. Niandikie ulifanya nini.

Dada yako


Galeshewe
8 Juni 1997

Dada yangu mpendwa,

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua hii mara tano, na mara nne niliishia kwenye salamu. Nakusalimu tena kwa mara ya tano. Pilipili nimeipata, na kwa kutojua kipimo niliitia yote.

Niruhusu nianze na samaki, maana huko nina maneno.

Wiki tano zilipotimia Fortuin alikuja mwenyewe na kikaratasi cha kupimia maji, akakichovya, akakitazama mwangani, akasema sasa kuna nyumba. Akaniletea sita wa aina moja, wembamba, wenye milia ya bluu kutoka kichwa hadi mkia. Yeye huwaita pundamilia, ingawa hawafiki urefu wa kidole changu cha mwisho. Anasema ni samaki wa mtu anayeanza, wanavumilia baridi na ujinga.

Nikamwambia naona sita ni wengi, nianze na wawili. Akasema, "Hawa ni wa kundi, mzee. Wawili watajificha mpaka wafe. Sita watacheza."

Na kweli, dada. Wanageuka pamoja, wanapanda pamoja, wakigombana wanagombana wote halafu wanasahau wote. Sijawagusa mwezi mzima. Nabadili robo tu ya maji kwa wiki, sponji naisuuza kwenye maji hayohayo ya tangi, na naacha utelezi pale ulipo ingawa mkono unaniwasha. Hakuna aliyekufa.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini dukani nilimwona mmoja wa rangi ya dhahabu na mistari minne myeusi, mnene, mwenye kujiheshimu. Fortuin akanikataza. Akasema huyo naye ni wa kundi, akiwa peke yake huharibika tabia. Nikamnunua.

Saa moja ya kwanza alizunguka tangi lote akikagua. Akagusa kila jiwe, kila jani. Kisha akaanza kuwafuata pundamilia mmojammoja na kuwang'ata mikia. Hakuwa na njaa. Aliona tu kwamba wanaogelea vibaya. Kufikia Jumamosi wote sita walikuwa wamebanana nyuma ya pampu, naye ana tangi lote peke yake, anapita katikati akitafuta kosa.

Sehularo alikaa akamtazama kwa muda mrefu, akinywa chai yangu. "Huyu umempa jina?"

"Bado."

"Mimi namwita Gaolatlhe."

Nilicheka, dada. Kisha akaondoka na chai yake, nikabaki nikitazama, na kicheko hakikuendelea.

Nimemrudisha dukani siku ya Jumatatu. Sasa nakuambia nilichofanya.

Nilistaafu tarehe kumi na tisa Desemba. Kufikia mwaka mpya nilikuwa nimeshabandika ratiba jikoni: chai saa kumi na mbili na nusu, kufagia saa moja na robo, kufua Jumatatu na Alhamisi. Niliipigia mstari kwa rula. Nilimsimamia Kedibonye akimenya viazi nikamwonyesha jinsi ya kuokoa nyama ya kiazi. Nilipanga vikombe kwa ukubwa, akavipanga tena, nikavipanga tena. Yeye alinyamaza, na mimi nikadhani mtambo unafanya kazi.

Kuna wale akina mama wa kanisa wanaokutana kila Alhamisi. Unawajua, kumi na wawili, wenye blauzi nyekundu na kola nyeupe. Wamekuwa wakikutana sebuleni kwangu miaka kumi na minane, lakini mimi Alhamisi nilikuwa kazini, kwangu walikuwa ni vikombe vingi tu kwenye karai. Februari nilikuwa nyumbani. Walisali kidogo, wakaimba, kisha wakaanza kucheka. Mimi niko chumbani, nawasikia ukutani. Wanacheka, wananong'ona, wanacheka tena.

Nikafungua mlango nikasema, "Abiria wote washuke hapa. Hii si stesheni."

Walishuka. Waliacha chai yao nusu, wakachukua vitabu vyao, wakapita mbele yangu mmojammoja wakisema "kwaheri, baba" kwa heshima kubwa. Kedibonye akaosha vikombe kumi na vitatu. Alhamisi iliyofuata hakuja mtu. Jumatatu yake akapanda basi.

Basi sababu ni hiyo, kelele. Nilimwambia hivyo yeye, nakuambia hivyo wewe.

Ningekuja kumchukua lakini siwezi kuwaacha samaki. Ni majira ya baridi, umeme wa huku unakatika, na Sehularo hutia chakula kwa kiganja kama anarushia kuku.

Gaolatlhe


Manthe
19 Juni 1997

Gaolatlhe,

Salamu utazipata uso kwa uso. Jumanne tarehe ishirini na nne nitashuka Kimberley na basi la asubuhi. Wewe utapanda basi hilohilo likigeuza. Funguo unipe kituoni. Samaki nitawaangalia mimi, na babu anisamehe kaburini. Mjomba Motlhabane atakungoja hapa Manthe akusemee, kama inavyotakiwa mume akienda kuomba radhi.

Jambo moja ulitafune njiani. Umeniandikia kwamba sababu ni kelele. Umeishi miaka thelathini na minne kati ya mabehewa yanayogongana, ukilala usingizi mchana injini zikipiga honi dirishani. Wanawake kumi na wawili na chai. Usije kumwambia hilo.

Dada yako


Galeshewe
3 Julai 1997

Mdogo wangu,

Nimefika, nimepoa, nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako. Kiti kibaya. Kinamzoesha mtu kukaa.

Ratiba nimeikuta jikoni. Nimewashia moto wa makaa. Ilikuwa na rula kweli.

Sasa samaki. Siku ya kwanza niliwapa chakula nimegeuza uso. Siku ya pili nikaona huo si utu, mtu hampi mkubwa wake chakula kama anarushia mbwa mfupa. Nikasimama sawasawa nikawaamkia kwanza. Nikasema, sisi ni watoto wa Manthe, yule mwenye nyumba ana kichwa kigumu lakini hana nia mbaya. Wakaja mbele ya kioo wote sita. Sehularo anasema wanakuja kwa kila mtu kwa sababu wana njaa. Nimemwambia Mamba hajui mambo ya wenzake.

Umeme ulikatika Jumapili. Nikalizungushia tangi blanketi lako zuri na chupa za maji moto kando kando. Wote wazima. Blanketi si zuri tena.

Leo ni Alhamisi. Jana nilizunguka mtaani na magoti yangu, nyumba moja baada ya nyingine, nikawaambia wale akina mama kwamba mimi ni dada mkubwa wa mtu yule na nawaalika nyumbani kwake. Wa kwanza aliniuliza, "Mkaguzi yupo?" Nikasema mkaguzi amepelekwa karakana. Wamekuja wote kumi na wawili. Wameimba, wamekunywa chai, wamewatazama samaki, wamekusema mpaka mimi mwenyewe nimekutetea mara moja. Hapa ninapoandika wamekaa mbele yangu wanacheka, na pundamilia wanazunguka kama kawaida. Hakuna aliyejificha nyuma ya pampu.

Kiti kimoja hawajakikalia. Mwambie mgeni wangu.

Sasa niambie umefika wapi. Siku tisa hujaandika.

Mma-Lesego


Manthe
12 Julai 1997

Dada yangu,

Nakuamkia kutoka jikoni kwako, chini ya paa ambalo sasa halivuji. Nimeliziba Jumatano, kwa sababu ilibidi niwe juu ya kitu.

Nilipofika, Kedibonye alinipokea langoni. "Karibu, baba. Umesafiri salama?" Alinikaribisha kama mtu aliyekuja kupima ardhi. Akanipa chai, akanionyesha pa kulala, nikalala kwenye chumba cha magunia. Jioni Mjomba Motlhabane akaja na fimbo yake na koti lake la misiba. Tukakaa. Mimi nikanyamaza kama inavyopasa, maana anayeombewa radhi hasemi.

Mjomba akakohoa, akaanza vizuri sana. Akasifu ukoo wa Samaki, akasifu ukoo wa Mamba. Kisha akaomba radhi kwa ajili ya ng'ombe aliyeingia shambani kwa watu mwaka 1961. Aliomba kwa uchungu. Akasema ng'ombe yule alikuwa mjinga lakini si mwizi, na uzio ndio uliokuwa mbovu. Nilimvuta koti, akadhani namhimiza, akaongeza ndama. Alipomaliza, Kedibonye akasema kwa adabu kwamba ng'ombe amesamehewa, akamsindikiza hadi langoni.

Siku zilizofuata nilichota maji, nikapasua kuni, nikachambua kunde. Yeye haulizi kitu. Shule ya chekechea ilimwita Jumatatu. Akaenda amevaa gauni lake la kijani. Alipotoka langoni ndipo nikajua sitaki kurudi nyumba ile bila yeye, hata kama samaki watafika mia. Alirudi akasema wamempa kazi, aanze mwezi wa nane, na atawajibu wiki ijayo.

Jana ikafika barua yako. Nikampa aisome mwenyewe. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye akina mama akakaa. Akaisoma tena sehemu ile, akajifuta macho kwa kanga, akaniuliza kwa mara ya kwanza tangu nije: "Tulikukosea nini, Gaolatlhe?"

Nilikuwa na lile jibu la kelele mdomoni tayari. Nikakumbuka ulichoniandikia, nikalimeza.

Nikamwambia ukweli, na nakuandikia wewe pia ili nisiweze kuukana. Nilimwambia, siku ile chumbani nilikuwa nimevaa sare yangu ya kazi. Nilikuwa naivaa mara mojamoja na mlango umefungwa, najitazama kwenye kioo cha kabati. Nyundo mkononi. Mtu mzima, hana behewa. Nyinyi mkaanza kucheka upande wa pili, nikaona mnanicheka mimi. Niliona aibu, Kedibonye. Mtu akiona aibu hutafuta wa kumfukuza.

Akaikunja barua yako. Nilidhani atanionea huruma, nami nikawa nimeshatengeneza uso wa kuipokea.

Akasema, "Ndiyo. Tulikuwa tunakucheka wewe."

"Mimi kweli?"

"Nani mwingine? Kila Alhamisi, miaka kumi na minane. Kila mmoja na wake, lakini wewe ulikuwa mtamu zaidi. Siku ile nilikuwa nawasimulia habari ya viazi." Akaanza kucheka palepale, mpaka akashika meza. "Ungetoka tu ukakaa, Gaolatlhe. Tungekupa chai ucheke na wewe."

Nilivuta kiti, dada, nikakaa. Asubuhi ya leo amekwenda nyumbani kwa mwalimu wa chekechea kumwambia watafute mpishi mwingine.

Tunakuja Jumatano. Akina mama waambie wasihamie kwingine Alhamisi hiyo, na wasinibadilikie wakiniona. Habari ya viazi nitawasimulia mimi mwenyewe.

Mdogo wako,
Gaolatlhe